Kaka mkubwa kaficha wosia wa baba, na tayari ni msimamizi wa mirathi. Sheria inasemaje?

BintiUpare

Wakuu habari za muda huu. Naomba mwenye uelewa wa mirathi anisaidie, na waliopitia haya waseme pia, maana nyumbani kumechafuka.

Baba yetu alikuwa mwalimu mstaafu, Mpare wa Same, mzee wa kanisa. Alifariki 2022 akamwacha mama na sisi watoto watano. Mali ni nyumba ya Same mjini, shamba la tangawizi kule Mamba Miamba na kiwanja Chanika, Dar. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao. Kaka mkubwa akaulizwa mbele ya watu wote kama mzee aliacha maandishi yoyote, akajibu hakuna. Ukaandikwa muhtasari, tukasaini wote, kaka akaenda nao Mahakama ya Mwanzo akateuliwa kuwa msimamizi.

Juzi kati mwalimu mmoja aliyefundisha na baba alikuja kumsalimia mama. Katika maongezi akauliza kama tulishagawana kwa kufuata ule wosia. Mama akabaki anamtazama. Ndipo akaeleza kwamba aliitwa nyumbani na baba, akasaini kama shahidi pamoja na shangazi yetu (naye ameshatangulia mbele za haki), na kwamba baba alizitia karatasi kwenye bahasha ya kaki, akaifunga na kumkabidhi kaka mkubwa palepale aje aifungue baada ya mazishi.

Tukaanza kupekua. Kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge, tukakuta fotokopi ya kurasa mbili, mwandiko wa baba kabisa, ule wa ubaoni. Ukurasa wa pili una sahihi yake, sahihi za mashahidi wawili na dole gumba la mama. Mama hajui kusoma, anakumbuka kutia dole lakini alijua ni karatasi za pensheni. Mashine ilikata ukingo wa kulia, kwa hiyo tarehe na mwezi vinasomeka ila mwaka unaishia kwenye 201.

Wosia unasema nyumba ya Same abaki nayo mama hadi mwisho wa maisha yake, kisha iwe ya watoto wote. Shamba tugawane sote. Kiwanja cha Chanika apewe mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndiye aliyemuuguza baba. Kuhusu kaka mkubwa umeandikwa kwamba alishapewa sehemu aliyojengea, kwa hiyo kwenye Chanika asidai.

Tumepata habari kwamba dalali ameshaanza kupeleka watu kukiona hicho kiwanja. Maswali yangu: kuficha wosia ni kosa? Adhabu yake nini? Na sisi tuanzie wapi?

---

KijanaWaSokoMatola

Dada hilo ni jinai, miaka kumi hiyo. Nenda polisi kesho asubuhi na fotokopi yako. Watu wa aina hii wanajifunza wakishalala ndani.

---

MzeeWaBarazani

Pole sana binti yangu kwa kufiwa na kwa haya yaliyofuata. Kabla ya polisi muiteni kaka yenu, awepo baba mdogo, awepo mchungaji, awepo na huyo mwalimu. Mwekeeni hiyo karatasi mezani. Wengine wakiona siri imefichuka wanarudi wenyewe. Ukishampeleka ndugu yako polisi, hata mirathi ikigawanywa sawasawa hamtakaa tena meza moja.

---

WakiliWaWilayani

Nimesoma yote. Nitajibu kwa urefu kwa sababu naona watu wanachanganya mambo mawili, kosa la kuficha wosia na hatima ya mirathi. Yanapita njia tofauti, na kwa hali yako la pili ndilo lenye haraka.

Kwanza kosa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inasema mtu yeyote anayeficha wosia kwa nia ya kulaghai anatenda kosa, awe mwenye wosia yu hai au amekufa, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 10. Kuiba wosia adhabu yake ni hiyohiyo. Kughushi wosia ni zaidi, sheria imekwenda mpaka kifungo cha maisha. KijanaWaSokoMatola yuko sahihi kuhusu kumi, ila hicho ndicho kikomo cha juu, na maneno mazito pale ni "kwa nia ya kulaghai". Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, itapaswa kuthibitisha, bila kuacha shaka, kwamba wosia ulikuwepo, kwamba kaka yako alikuwa nao, kwamba alijua ni nini, na kwamba aliuficha ili ajipatie au awanyime wengine. Aliyeweka bahasha kabatini akaisahau hajatenda kosa hili. Aliyeulizwa mbele ya ukoo akasema hakuna, kisha akaenda mahakamani kusema hivyohivyo, ana kazi kubwa zaidi ya kujieleza.

Na hapo linaingia la pili. Alipoomba usimamizi alitoa maelezo kwa kiapo. Kama alisema marehemu hakuacha wosia huku akijua upo, hilo ni kosa linalojitegemea la ushahidi wa uongo, ambalo adhabu yake inafika miaka 7. Akiuchoma sasa baada ya kujua mnautafuta, kuna kosa jingine la kuharibu kitu kinachohitajika kama ushahidi.

Sasa mirathi. Polisi wakimkamata leo, yeye bado ni msimamizi mpaka mahakama iseme vinginevyo. Anaweza kuwa nje kwa dhamana na kiwanja kikauzwa wiki hiyohiyo. Kwa hiyo anza na haya.

Andika barua kwa serikali ya mtaa Chanika ukieleza kwamba kiwanja kina mgogoro wa mirathi, uambatanishe nakala ya cheti cha kifo na ya wosia, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama kiwanja kina hati, nenda ofisi ya Msajili wa Hati uombe kuweka zuio kwenye daftari. Zuio likishaingia, mnunuzi makini atakimbia mwenyewe. Usipuuze hatua hii. Mnunuzi akishanunua kwa nia njema kutoka kwa mtu aliyeshika barua ya mahakama, mahakama zinasita sana kumnyang'anya, na ninyi mtabaki kumdai kaka yenu fedha ambazo pengine ameshazila.

Halafu rudi mahakama ileile iliyomteua, uombe uteuzi wake utenguliwe.

---

BintiUpare

Wakili ubarikiwe sana. Ila naogopa kitu kimoja, ule muhtasari nilisaini mimi mwenyewe, na ndugu zangu wote. Hakimu si ataniuliza mbona ulikubali?

---

KaraniMstaafu

Dada BintiUpare, hapo nina la kusema. Nimekaa masjala ya mahakama za mwanzo mpaka nimestaafu, na swali lako hilo nimelisikia kutoka kwa wajane na watoto wengi kuliko swali lingine lolote.

Muhtasari wa ukoo haumteui mtu. Unaisaidia mahakama kujua familia inampendekeza nani, basi. Anayeteua ni mahakama. Na kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo, zile za Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, zimetaja wazi sababu za kutengua: kama uteuzi ulipatikana kwa ulaghai, kama ulitolewa bila mahakama kujua jambo ambalo lingeubatilisha, kama mwenendo wenyewe ulikuwa na kasoro kubwa, kama uteuzi hauna tena maana, au kama msimamizi anafanya kinyume na maslahi ya warithi na wadai. Wewe ulisaini ukiwa hujui kuna wosia. Ridhaa uliyoitoa baada ya kudanganywa haikufungi mdomo. Na mtu yeyote mwenye maslahi kwenye mirathi anaruhusiwa kuomba, huhitaji ndugu wote wakubaliane.

Sasa nikupe mbinu ya masjala. Kabla hujaandika lolote, nenda na kitambulisho ukaombe kulisoma jalada la mirathi ya baba yako. Wewe ni mrithi, una haki hiyo. Tazama fomu ya maombi, kaka yako aliandika nini kuhusu wosia. Kisha utafute Fomu Na. V, ile ya orodha ya mali na madeni. Msimamizi anatakiwa kuirudisha ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, labda awe ameongezewa muda. Baada ya hapo kuna Fomu Na. VI ya hesabu. Majalada mengi niliyoyafunga mwenyewe kwa kamba yalikuwa na uteuzi juu, kisha karatasi hamna. Mtu anapata barua, anakwenda benki, anatoa fedha, harudi tena. Kama jalada la baba yako liko hivyo, una sababu ya pili ya kumwondoa hata kabla wosia haujaguswa.

Na omba nakala iliyothibitishwa ya fomu ya maombi. Ile ndiyo itamtafuna.

---

WakiliWaWilayani

Karani kamaliza, sina cha kupunguza. Naongeza mambo mawili.

Moja, mahakama ipi. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Kwa Mkristo aliyeandika wosia kuna hoja kwamba hakutaka mali yake iende kimila, na mahakama hutazama maisha yake na nia yake. Ikionekana sheria inayomhusu ni ile ya jumla, shauri linatakiwa kuwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu kulingana na ukubwa wa mirathi na kama kuna ubishi, chini ya Sheria ya Mirathi, Sura ya 352. Kifungu cha 49 cha sheria hiyo nacho kinaruhusu kutengua uteuzi uliopatikana kwa kuificha mahakama jambo la msingi. Wosia ni jambo la msingi kuliko yote, kwa sababu unabadilisha hata aina ya ombi lenyewe.

Mbili, uhalali wa wosia wenyewe. Kwa wosia wa kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 linataka mwenye kujua kusoma na kuandika awe na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Uandikwe kwa kalamu isiyofutika, na shahidi asiwe mnufaika. Baba yako alikuwa mwalimu, alimleta shangazi wa ukoo na mwalimu mwenzake, akamtilia mama dole. Alijua anachofanya. Litakaloulizwa ni hilo la mama kutoelewa alichotia dole na kwamba naye ananufaika na nyumba. Jiandaeni kulijibu kwa ukweli mtupu, msimfundishe mama maneno.

---

BintiUpare

Na fotokopi je? Kaka akisema hajawahi kuona bahasha yoyote, karatasi iliyokatwa mwaka ina nguvu gani?

---

WakiliWaWilayani

Ina nguvu kuliko unavyodhani. Sheria ya mirathi inakubali nakala au rasimu ya wosia ulipopotea baada ya kifo, au ulipoharibiwa na mtu mwingine asiye mwenye wosia. Mahakama ikiridhika, usimamizi unatolewa kwa nakala hiyo mpaka asili itakapopatikana. Hata kama nakala isingekuwepo, yaliyomo yangeweza kuthibitishwa kwa mashahidi, ingawa hiyo ni safari ngumu.

Lakini sikiliza jambo la bahasha kwa makini. Wosia ukiwa umekaa kwa mwenyewe hadi anakufa, kisha usionekane, mahakama inaweza kudhani aliuchana mwenyewe kwa kubadili mawazo. Ukiwa ulikabidhiwa mtu mwingine, dhana hiyo haina pa kusimama. Kwa hiyo ushahidi wa yule mwalimu kwamba aliona bahasha inaingia mkononi mwa kaka yako ndio uti wa mgongo wa shauri lako, kuzidi hata fotokopi. Ni mtu mzima. Mpelekeni kwa wakili au kamishna wa viapo aape maelezo yake mapema, kumbukumbu zikiwa safi na afya ikiwa njema. Mwaka uliokatwa yeye anaweza kuutaja.

Na muombe mahakama imwite kaka yako na kumwamuru alete hati yoyote ya wosia iliyo mikononi mwake. Kumjibu dada sebuleni na kumjibu hakimu baada ya kuapa ni vitu viwili tofauti.

---

MtuWaMenengai

Salamu kutoka Nakuru. Huku Kenya sheria ya jinai ni karibu ileile, kuficha wosia kwa nia ya kulaghai ni hadi miaka kumi. Lakini mawakili wetu wanapenda sana kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, cha kufuta hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuificha korti jambo muhimu. Pia kuna kifungu cha 45, cha kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, faini hadi shilingi elfu kumi au mwaka mmoja jela au vyote viwili. Jamaa zetu wengi hawajui kwamba hata kukodisha shamba la marehemu kabla ya kupata hati kunaweza kuhesabiwa hapo. Tena kwetu mali haigawanywi mpaka hati ithibitishwe, na kwa kawaida ni baada ya miezi sita. Hiyo miezi imeokoa mashamba mengi, maana ndipo mashahidi wa wosia hujitokeza.

---

MwanaTanga

Assalaam alaykum. Niongeze upande wa sisi Waislamu, kwa sababu nimeona watu wakidhani wosia hauna kazi kwetu kwa kuwa mafungu yameshapangwa. Kazi unayo. Mtu anaruhusiwa kuusia mpaka theluthi moja ya mali kwa asiye mrithi, kama yatima aliyemlea au msikiti, na theluthi hiyo hutolewa baada ya mazishi na madeni, kabla warithi hawajagusa mafungu yao. Kumuusia mrithi hakupiti mpaka warithi wengine waridhie baada ya kifo. Anayeuficha wasia wa theluthi anamnyima mtu ambaye hana fungu lingine lolote, na pengine ndani yake kuna deni la marehemu ambalo hakuna mwingine analijua. Suratul Baqara, aya ya 181, imeweka dhambi ya kuubadili wasia juu ya yule anayeubadili baada ya kuusikia. Kwa mahakama za Bara jinai ni ileile aliyoieleza wakili, dini haimkingi mtu.

---

MwanaBukavu

Jambo ndugu zangu wa Tanzania. Ninasoma huu uzi nikiwa Bukavu na nimeshangaa kitu kimoja. Kwenu aliyeficha anaweza kufungwa, lakini fungu lake la mirathi anabaki nalo?

Kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya 1987, kifungu cha 765, inasema mrithi aliyeharibu, aliyepoteza au aliyebadilisha kwa makusudi wosia wa mwisho wa marehemu bila ruhusa yake, hastahili kurithi. Anaondolewa kwenye mirathi kabisa, pamoja na yule anayetumia wosia wa uongo huku akijua ni wa uongo. Mimi naona hiyo inauma kuliko jela.

---

WakiliWaWilayani

MwanaBukavu umegusa penyewe. Kwetu hakuna kifungu kinachosema aliyeficha wosia anapoteza fungu lake moja kwa moja. Akitenguliwa usimamizi anabaki kuwa mtoto wa marehemu na atapata alichoandikiwa. Kinachoweza kumpunguzia ni hesabu: kila alichouza, kodi aliyokusanya, tangawizi aliyovuna na kuuza kwa jina la mirathi, anatakiwa kukitolea hesabu, na hasara aliyoisababisha ni deni lake binafsi. Mahakama ikiridhika, deni hilo linaweza kukatwa kwenye sehemu yake. Mimi ningependa bunge letu lingechukua ile ya Kongo. Mtu akijua atapoteza shamba atafikiri mara mbili, kwa sababu jela wengi wanaamini hawatafika.

---

SautiYaKando

Samahani nitasema tofauti. Mnamhukumu kaka mtu bila kumsikia. Kuna wosia mwingine ni moto. Mzee anaandika akiwa na hasira au amezungukwa na mtoto mmoja, mwingine anaambiwa "asidai". Kaka mkubwa anaona akiusoma hadharani familia itavunjika, anauweka pembeni wagawane sawa. Siyo kila anayeficha ni mwizi.

---

MamaPacha

SautiYaKando, kugawana sawa ni kumpeleka dalali Chanika?

---

WakiliWaWilayani

SautiYaKando, hoja yako naiheshimu kwa sababu wapo wanaofikiri hivyo kwa moyo safi. Lakini wosia mbaya una mlango wake. Unaupeleka mahakamani, unaupinga pale. Sote tuliona wosia wa Reginald Mengi, aliyefariki Dubai Mei 2019. Wosia wa tarehe 17 Agosti 2017 ulipelekwa mahakamani, ukapingwa, na Mei 2021 Mahakama Kuu Dar es Salaam ikaubatilisha, miongoni mwa sababu ikiwa ni hali ya afya ya marehemu na watoto wakubwa kunyimwa bila sababu kutajwa. Hata wosia wa kimila unaomnyima mrithi unatakiwa utaje kwa nini, na zipo sababu zinazotambuliwa, kama kujaribu kumuua mwenye wosia, kuzini na mke wake, au kumtelekeza akiwa na njaa au ugonjwa bila sababu ya maana. Kaka wa BintiUpare angeweza kusimama akasema, baba amenionea kwenye Chanika. Pengine angesikilizwa. Alipoamua peke yake kwamba neno la baba lisisomwe, alijifanya hakimu kwenye shauri ambalo yeye mwenyewe ni mdaawa, yaani mmoja wa wanaoshindana.

---

MamaPacha

Naomba kuuliza na mimi. Mume wangu marehemu alikuwa na rafiki yake aliyempa bahasha amtunzie, imeandikwa wosia. Rafiki naye amefariki, mimi ndiye ninayo. Familia yao haijawahi kuniuliza na mimi niliogopa kuingilia. Nina kosa?

---

WakiliWaWilayani

Mama pole. Huna nia ya kulaghai, hunufaiki, hujamdanganya mtu. Lakini usiilaze tena, wala usiifungue. Ulizia kama mirathi imefunguliwa na mahakama gani, uipeleke huko ikiwa imefungwa hivyohivyo, ukapewe maandishi ya kwamba imepokelewa. Kama haijafunguliwa, waambie warithi mbele ya shahidi, au nenda ofisi ya wilayani ya RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) uwaulize namna ya kuikabidhi. Siku ukiulizwa ukakataa, ndipo hali yako itabadilika.

Na kwa wanaosoma kimyakimya: RITA wanaandika na kuhifadhi wosia, na mawakili nao wanahifadhi. Wosia unaokaa kwa mtu asiye mrithi, na mke na watoto wakajua uko wapi hata kama hawajui kilichoandikwa, ni mgumu sana kufichwa. Nimeona bahasha nyingi zikikabidhiwa kwa mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa.

---

KaraniMstaafu

Kuna anayeniuliza faraghani kuhusu muda, nijibu hapa wote wafaidike. Madai ya ardhi ni miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu huanza kuhesabiwa tangu siku ya kifo. Kama ukweli ulifichwa kwa ulaghai, sheria ya ukomo inaruhusu kuhesabu tangu siku mlipougundua au mlipopaswa kuugundua kwa juhudi za kawaida. Lakini msiutegemee mlango huo wa pili kama wa kwanza uko wazi. BintiUpare baba yake kafariki 2022, yuko ndani ya muda kwa kila hali.

---

BintiUpare

Wakuu narudi na mrejesho, samahani kwa ukimya.

Nilisoma jalada. Kwenye fomu ya maombi kaka aliandika kwa mkono wake kwamba marehemu hakuacha wosia. Fomu Na. V haimo, wala VI. Zuio tumeweka na barua ya serikali ya mtaa imepokelewa. Tulimwita nyumbani kwanza kama Mzee wa Barazani alivyoshauri, baba mdogo akawepo. Kaka akasema hiyo fotokopi tumetengeneza, akaondoka.

Tukafungua maombi. Mwalimu alitoa ushahidi taratibu, akataja mwaka, akaeleza hata rangi ya bahasha. Kaka akiwa ameapa alisema hajui. Hakimu akaamuru kisiuzwe kitu chochote mpaka shauri liishe na akampa nafasi ya kwenda kutafuta vizuri. Siku iliyofuata ya shauri alikuja na bahasha. Ilikuwa imefunguliwa, ndani karatasi zilezile, mwaka unasomeka 2019. Alisema ilikuwa kwa mke wake na hakujua. Uteuzi wake umetenguliwa, na anatakiwa atoe hesabu ya mavuno ya shamba.

Sasa ndugu zangu wamegawanyika. Wawili wanataka polisi. Mama anasema hapana, hataki kumzika mume na kumpoteza mtoto. Mimi sijui. Halafu kumejitokeza mtu anayesema alishampa kaka kishika uchumba (malipo ya awali) cha kiwanja cha Chanika, ana karatasi.

---

MzeeWaBarazani

Msikilizeni mama yenu.

---

KijanaWaSokoMatola

Mama asikilizwe, ila huyu bwana alimdanganya hakimu mara mbili kwa kiapo. Akiachwa hivihivi kesho atafanya kwa wajomba.

---

WakiliWaWilayani

BintiUpare, hongera kwa kufuata hatua. Kuhusu polisi sitawachagulia, ila mjue mnachochagua. Mkishafungua jalada la jinai, shauri linakuwa la Jamhuri. Ninyi mnakuwa mashahidi. Mama akibadili mawazo baadaye hawezi kuingia mahakamani akasema nimesamehe likaisha hapo, uamuzi wa kuendelea au kuacha uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa upande mwingine, kutoripoti leo hakufuti kosa. Uamuzi wa mahakama na mwenendo wa shauri, pamoja na kiapo chake cha kwamba hajui, vimeshakuwa kumbukumbu. Chukueni nakala zilizothibitishwa mzihifadhi. Mimi ningesubiri hesabu ya shamba. Akiileta ya kweli na kulipa, mtakuwa na sababu ya kumsikiliza mama. Akileta ya uongo, atakuwa amewaamulia yeye mwenyewe.

Huyo wa kishika uchumba msimfukuze wala msimtambue kwa maandishi. Mwulizeni alitoa lini, kiasi gani, na kama mauziano yaliwahi kufika serikali ya mtaa. Kama ni malipo ya awali tu, kiwanja hakijahama, na deni hilo linamhusu kaka yenu binafsi, kwa sababu alipokea fedha kwa mali ambayo wosia ulimpa mwingine naye akiwa na wosia huo nyumbani kwake. Mdogo wenu asisaini kitu chochote na mtu huyo. Msimamizi mpya akishateuliwa, ampelekee barua kumjulisha kwamba kiwanja hakiuzwi na fedha zake azidai kwa aliyezipokea, nakala iende serikali ya mtaa na kwenye jalada la mirathi.